Maji ya Kimbunga Kilichokufa

Nuru aliuliza swali moja tu katika semina ile, na likamtosha.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa kukodi pale Chuno, mjini Mtwara, feni za darini zikizungusha joto lile lile tangu asubuhi. Walioitwa walikuwa wajumbe wa kamati za maafa za vijiji vya bonde la Ruvuma, karibu wote wanaume wa makamo waliovaa mashati yao ya Ijumaa. Nuru alikuwapo kwa sababu kijiji chake cha Mahurunga kilitakiwa kuleta mwanamke, na kila mwanamke aliyetajwa alikuwa na udhuru. Yeye tu ndiye aliyechelewa kutafuta wa kwake.

Mkufunzi alikuwa Bwana Isaya, kijana mnene, mpole, mwenye leso ya kujifutia jasho mkononi muda wote. Alichora duara ubaoni.

"Kimbunga hakizaliwi nchi kavu," alisema. "Kinazaliwa baharini, maji yakiwa na joto. Si la kuchemka, joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Maji hayo yanatoa mvuke, mvuke unapanda, na ukipanda unaacha nafasi chini. Hewa ya pembeni inakimbilia kuijaza. Huo ndio upepo wenyewe. Nayo ikifika pale inapata joto, inapanda, inaita nyingine. Mmeona jiko la mkaa? Likiwaka linavuta hewa, likivuta hewa linawaka zaidi."

Jiko la mkaa Nuru alilijua. Akasogea mbele kwenye kiti.

"Sasa, hewa hiyo haiendi katikati moja kwa moja. Inapinda, inazunguka. Huku kwetu kusini mwa Ikweta inazunguka kama mishale ya saa. Na katikati kabisa panabaki pametulia. Hapo ndipo tunapoita jicho."

Nuru akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Nani anakizungusha?"

Alikusudia kusema "nini". Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Kamuulize mganga wako!" alidakia mtu wa nyuma, wakacheka tena. Hata Bwana Isaya alicheka, ingawa bila ubaya, akasema ni mzunguko wa dunia yenyewe unaoipindisha hewa inayokwenda juu yake. Nuru akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akashusha mkono na kuuficha chini ya mtandio.

Baada ya chai yalisemwa mengi. Kwamba ukuta unaolizunguka jicho ndio wenye upepo mkali kuliko kote. Kwamba upepo ukikatika ghafla watu wasitoke, maana huenda jicho ndilo linalopita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Kwamba kimbunga kikipanda nchi kavu kinakosa chakula chake, yale maji ya joto, kinadhoofika na kufa. "Mvua yake sasa," Bwana Isaya alisema akikunja karatasi zake, "hiyo ni habari nyingine. Inategemea imeangukia wapi huko juu kwenye vyanzo vya mito."

Habari hiyo nyingine Nuru hakuielewa. Kitu kilichokufa kinanyeshaje? Swali lilimfika kooni. Akaitazama ile migongo ya mashati ya Ijumaa mbele yake, akalimeza.

*

Nyumbani, mumewe Rajabu alimpokea mzigo na kumuuliza walichofundishwa. Hakuwa mtu wa dhihaka. Alikuwa mkulima wa mikorosho na mpunga, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na mwaka ule mpunga wake wa bondeni ulikuwa umeshika vizuri kuliko miaka yote ya karibuni.

Nuru alichukua beseni la maji, akalikoroga kwa mwiko mpaka maji yakazunguka na katikati pakaingia kishimo. "Hilo ndilo jicho," alisema. "Hapa pametulia. Huku pembeni ndiko kwenye balaa."

Mama mkwe wake, Bi Somoe, alikuwa ameketi kwenye mkeka na miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Alitazama beseni kwa makini. "Na huyo anayekoroga ni nani?"

"Dunia, mama."

"Dunia ndiyo inayokoroga?"

"Ndivyo walivyosema."

"Basi sishangai," alisema Bi Somoe, na Rajabu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Aliyemsaidia Nuru kujifunza zaidi alikuwa Mwalimu Esta, aliyefundisha jiografia katika shule ya msingi iliyoko juu ya mwinuko, na aliyekuwa mteja wake wa mihogo. Nuru alipomweleza habari za semina, Esta alikiri bila kuona haya. "Mimi natoka Njombe, mama Latifa. Kimbunga nimekisoma kwa ajili ya mtihani tu, nikafaulu, nikakisahau. Njoo tukisome wote."

Wakawa wanakutana jioni barazani pa shule, simu ya Esta katikati yao, wakitazama picha za mawingu zilizopigwa kutoka angani. Hapo ndipo Nuru alipojifunza kwamba, kwa upande huu wa dunia, ukiupa upepo mgongo na kunyoosha mkono wa kulia, mkono unaelekea takribani kiliko kiini cha kimbunga. Walijaribu uwanjani, kwenye upepo mdogo usio na kimbunga chochote, wanawake wawili wazima wamesimama wamenyoosha mikono kuelekea mikorosho, na wanafunzi wakawacheka. Safari hii Nuru naye alicheka.

*

Tahadhari ilipotangazwa redioni, ilikuwa ya kimbunga cha kweli. Kilikuwa baharini upande wa kusini-mashariki, kinakuja pwani, na hakuna aliyejua kwa hakika kingepiga huku au ng'ambo ya mto, Msumbiji.

Nuru alipita nyumba kwa nyumba. Walio nyumba za udongo bondeni waende shuleni, alisema, wabebe maji, unga na dawa za wagonjwa. Wengine walimsikiliza. Wengine walimkumbusha kwamba miaka ya nyuma waliwahi kukimbizwa hivyo hivyo, wakarudi wakakuta kuku wao wameibiwa na hakuna hata jani lililoanguka. "Mama Kimbunga," mmoja alimwita. "Wamekupa posho ya kututisha, na sisi tupe basi."

Nassoro, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyemwokoa. Aliomba kipaza sauti cha msikiti, akasema, "Twendeni. Kisipokuja, mje mnicheke mimi." Watu wakapanda. Rajabu alimpakia mama yake nyuma ya baiskeli, akaisukuma mlima mzima bila kupumzika.

Upepo ulianza asubuhi ukitokea kusini. Kufikia saa nne mabati ya shule yalikuwa yanalia kama yanayong'olewa msumari mmoja mmoja, na mikorosho iliyo pembeni ya uwanja ikawa inainama mpaka matawi yanagusa ardhi. Nuru alisimama mlangoni, akaupa upepo mgongo, akanyoosha mkono. Mkono ulielekea baharini. Alihisi woga, na ndani ya woga huo kitu kama furaha: alikuwa anajua.

Mchana, upepo ukapungua. Mabati yakanyamaza. Mwanga mweupe ukapenya kwenye nyufa za madirisha, na watu waliokuwa wamebanana sakafuni wakaanza kuinuka.

"Msitoke!" Nuru alipiga kelele. Alifunga mlango, akaegemeza mgongo wake. "Ni jicho hilo! Upepo unarudi, na unarudi na nguvu zaidi!"

Wakakaa. Darasa lilikuwa limejaa kupita kiasi, madirisha yamezibwa kwa mbao, joto limekaba. Watoto walilia, wakachoka kulia. Nje kulikuwa kimya.

"Mwanangu," Bi Somoe alisema kutoka kwenye kona, kwa sauti ya chini. "Nitoe nje kidogo. Nina haja."

"Vumilia, mama. Kidogo tu."

"Nimevumilia."

Rajabu alimtazama mkewe. "Mfungulie mama."

"Baba Latifa, ukuta wa jicho ukimkuta njiani na miguu ile, hatarudi. Wamesema wenyewe. Kidogo tu, nakuomba."

Walingoja. Upepo haukurudi. Kulikuwa na sauti ndogo kwenye kona, kisha maji yakapita polepole kwenye saruji mpaka miguuni mwa watu, na wanawake waliokaa karibu wakavuta kanga zao. Bi Somoe aliinamisha kichwa akajifunika uso kwa mtandio wake. Alikuwa mkunga aliyewapokea wakizaliwa nusu ya watu waliokuwa ndani ya chumba kile.

Rajabu akavua shati lake, akalitandaza sakafuni. Kisha akainuka, akamsogeza mkewe pembeni kwa mkono mmoja, kama mtu anavyosogeza kiti, akafungua mlango. Jua lilikuwa linawaka.

Mwalimu Esta alitoka nje, akasimama katikati ya uwanja uliojaa majani. Upepo mwembamba ulikuwa unatokea kaskazini sasa. Akageuka taratibu, mkono wake wa kulia ukanyooka kuelekea bara, kusini-magharibi, ng'ambo ya mto.

"Jicho halikupita hapa," alimwambia Nuru, uso umemshuka. "Lingepita, upepo ungekatika ghafla na kugeuka kwa mpigo mmoja. Wetu umegeuka kidogo kidogo tangu asubuhi, kusini, magharibi, sasa kaskazini. Kimepita upande wa wenzetu. Pole, mama Latifa. Na mimi nimelitambua sasa hivi."

Nuru alimpigia simu Bwana Isaya. Sauti ilikuja ikikatika. Kimepiga ng'ambo, alisema, vijiji vya kule vimeumia sana. Sasa kiko nchi kavu, kinadhoofika haraka. Tahadhari ya mvua bado ipo.

Nuru alitazama juu. Hapakuwa na wingu la maana. Akawageukia watu waliokuwa wamesimama na mabegi yao wakimngoja, wengine wakitabasamu kwa kejeli, na moyo wake ukatamani kuwapa angalau neno moja jema.

"Kimekufa," alisema. "Mnaweza kurudi."

*

Upepo ulikuwa umeulaza mpunga. Mpunga uliolala, usipovunwa upesi, huota au huoza, kwa hiyo kila mwenye shamba bondeni alichukua mundu akashuka. Rajabu alikwenda akakaa huko huko kwenye dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mpunga usiliwe na viboko. Alirudi nyumbani mara moja tu, kuchukua chumvi. Aliongea na mama yake, akaongea na binti yao Latifa. Kwa mkewe alisema, "Kuna kamba?" Naye akampa kamba.

Bi Somoe hakulitaja jambo la shuleni. Alifua mwenyewe kanga aliyoivaa siku ile, akaianika mahali pa wazi kabisa, mbele ya nyumba, kila mtu aione.

Siku zikapita za jua kali. Asubuhi moja Nuru alishuka mtoni kuchota maji, akasimama na ndoo mkononi. Ruvuma ilikuwa imebadilika rangi. Maji yalikuwa mazito, mekundu, na mapovu ya manjano, na yalikuwa yamelifunika jiwe ambalo wanawake walilitumia kufulia. Mti mzima ulipita na mizizi yake. Ukafuata mlango wa nyumba, umelala chali, bawaba zake bado zipo.

Angani hapakuwa na wingu hata moja.

Aliiacha ndoo pale pale, akapanda mlima mpaka shuleni. Esta alikuwa darasani. Nuru alimwita dirishani mbele ya wanafunzi wote.

"Mwalimu, kuna jambo silijui na nataka kulijua. Kimbunga kikifa, maji yake yanakwenda wapi?"

Esta alifungua mdomo, akaufumba. Akatoa simu.

Bwana Isaya alipokea papo hapo. "Yanaanguka," alisema. "Upepo ndio uliokufa. Ule mvuke wote kiliobeba kutoka baharini umepanda milimani huko Msumbiji, umenyesha siku zote hizi. Lugenda imejaa, na Lugenda inaingia Ruvuma. Maji yanachukua siku kadhaa kufika chini kwenu. Niliwaambia pale ukumbini, mama."

"Ulituambia," alisema Nuru. "Sikuelewa. Na sikuuliza."

Labda Bwana Isaya alikumbuka kicheko chake, labda hakukumbuka. "Nani yuko bondeni?" aliuliza.

"Watu wote wenye mpunga."

"Watoe. Sasa hivi. Yakifika hayatapanda polepole kama unavyoyaona."

*

Shamba la Rajabu lilikuwa la kwanza njiani. Alimkuta ameinama, mgongo unang'aa jasho, matita ya mpunga yamepangwa nyuma yake kwenye mstari.

"Baba Latifa, mto unajaa. Tuondoke."

Aliinuka, akatazama juu, akaugeuza uso wake pande zote za anga lile tupu kama mtu anayetafuta kitu kwa heshima. "Mvua iko wapi?"

"Haikunyesha kwetu. Imenyesha juu, maji yanashuka. Nimeongea na Isaya."

"Ulisema kimekufa."

"Nilikosea."

"Na kabla ya hapo ulisema kitarudi."

"Nako nilikosea."

"Mama yangu alikojoa mbele ya watu aliowapokea wakizaliwa, Nuru." Hakupaza sauti. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwita kwa jina lake katikati ya ugomvi. "Nilivua shati langu nikafuta. Sasa unataka niache na chakula chake kizame matopeni, kwa sababu umepiga simu."

Nuru alishika mundu. Wakaushika wote wawili, Rajabu makali kayaelekezea chini. Kisha akavibandua vidole vya mkewe, kimoja kimoja, bila kumuumiza.

Alimtazama usoni, na kitu kikalegea kwenye macho yake. "Kipande hiki tu," alisema. "Nikimaliza kipande hiki nayapandisha matita dunguni, ninakuja. Wewe nenda kawaambie wa kule chini. Tutakutana kwenye njia ya mlima."

"Niapie."

"Nenda, mama Latifa. Usipoteze muda."

Wa kule chini walikuwa familia kadhaa, na watoto, na Nassoro mwenyewe. Angeweza kukaa pale akambembeleza mtu mmoja, au kwenda kuwaambia wengi. Alikwenda akikimbia, kanga ikimfunga magoti, na alipofika hakupiga kelele kama alivyofanya shuleni.

"Mnanijua," aliwaambia akitweta. "Niliwafungia mlango bure. Nikawarudisha majumbani nikisema kimekufa. Mara zote mbili nilijifanya najua. Leo sijui saa ya maji kufika, sijui yatafika wapi. Najua tu kwamba yanakuja, na kwamba mto umebeba mlango wa nyumba ya mtu. Siwalazimishi. Nawaomba."

Waliangaliana. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliuliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Amebaki anamalizia kipande."

Jibu hilo lingeweza kuharibu kila kitu. Lakini uso aliokuwa nao alipolitoa ndio uliomfanya Nassoro auangushe mundu wake. "Acheni vyote," alisema. "Shikeni watoto."

Waliondoka kwa njia ya juu, ndefu lakini kavu. Walipofika kwenye mwinuko walisikia mlio, si wa kishindo, bali kama wa watu wengi wanaotembea kwenye majani makavu. Maji yalikuwa yanaingia mashambani kwa upana mmoja, yakisukuma mbele yake takataka, mabua na nyoka. Nuru aliteremka mbio kuelekea njia ya mlima. Njia haikuwepo. Kutoka pale aliweza kuliona dungu la Rajabu, miguu yake imemezwa, kichanja bado kiko juu ya maji. Matita yalikuwa yamepangwa juu yake vizuri, yamefungwa kwa ile kamba.

Mtu hakuwepo.

*

Walimtafuta kwa mitumbwi mpaka maji yalipoanza kushuka. Nyumbani watu walikuja, wakakaa, wakaondoka, hawajui kama wamekuja kutoa pole au kungoja. Hakuna aliyemwita tena Mama Kimbunga. Wale wa kule chini walileta watoto wao wamsalimie, na yeye aliwashika vichwa, akitamani waende zao.

Jioni moja, Bi Somoe aliongea bila kuulizwa. "Alikuwa anakuja."

"Mama?"

"Mtu aliyekataa kuondoka hafungi matita na kuyapandisha juu. Yule alikuwa anafunga kazi. Aliposhuka ndipo yakamkuta."

Huenda ilikuwa kweli. Huenda ni zawadi tu ya mama kwa mkwewe, na Bi Somoe mwenyewe hakuwa na nyingine ya kumpa.

Asubuhi iliyofuata mtumbwi ulivuka kutoka ng'ambo. Ndani yake walikuwa wanaume wawili, na kati yao kitu kirefu kilichofungwa kwa turubai la bluu. Mkubwa wao aliitwa Issa, Mmakonde wa upande wa Msumbiji, mwenye jeraha bichi kwenye paji la uso. Aliongea na Nassoro kwa Kimakonde, kisha Kiswahili, polepole, ili wote wasikie.

"Tumemkuta kwenye mikoko, karibu na mto unapoingia baharini. Tulijua si wa kwetu. Wa kwetu wote tumeshawapata."

Kadi yake ya kupigia kura ilikuwa mfukoni, ndani ya nailoni. Nassoro aliisoma, ingawa hakuhitaji kusoma.

Alioshwa upesi na wanaume, akavikwa sanda, akaswaliwa baada ya adhuhuri. Issa na mwenzake walisimama safu ya nyuma, wakafuata mpaka makaburini, wakatia udongo kama wenyeji. Waliporudi walikula wali wa msibani kimya kimya, kwa njaa ambayo walijitahidi isionekane. Nassoro akawauliza habari za kwao. Ndani ya nyumba, kupitia dirisha, wanawake walisikia jibu la Issa: hakuna bati lililobaki kijiji kizima. Watu wamepewa maturubai. Familia yake ilikuwa inalala chini ya lile la bluu, na tangu jana wamehamia chini ya mkorosho ulioanguka.

Nuru aliinuka. "Turubai liko wapi?"

"Kaa, shoga," wanawake walimshika. "Umeshaingia eda. Lile limetupwa kule nyuma, linachomwa. Limebeba maiti."

"Halichomwi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Watu wanalala chini yake."

Waliendelea kumshika. Ndipo Bi Somoe alipojisukuma kutoka kwenye mkeka wake, akasimama kwa miguu ile iliyovimba, akashika ukuta. "Mwacheni. Ua ni wa kwetu, hatoki nje. Nipeni sabuni na maji mengi."

Walilitandaza uani, wao wawili, na Latifa akawaletea ndoo baada ya ndoo. Walisugua kwa fagio na kwa mikono. Matope yalitoka, na mengine ambayo hayakuwa matope. Nuru alisugua bila kulia mpaka alipofika kwenye kona moja na kuona mtu ameitoboa na kuitia uzi, ushonaji wa mwanamke, mishono midogo iliyonyooka. Hapo mikono yake ikasimama. Bi Somoe akamsogezea maji. "Maliza upande huo," alisema taratibu. "Kule kusini kumeanza kuweka wingu."

Issa alipoliona linaletwa, linachuruzika maji, alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, mama. Hilo ni la marehemu wenu. Hatukuja kulidai."

"Marehemu wetu amelala," alisema Bi Somoe. "Wewe una watoto wangapi?"

Issa alijifuta uso kwa kiganja, akaligusa lile jeraha akasahau kwamba lipo, akakunja uso kwa maumivu. Kisha akashika ncha mbili, Bi Somoe akashika nyingine mbili, wakalikunja pamoja, wakikutana katikati, wakiachana, wakikutana tena, mpaka likawa dogo la kubebeka begani.

Nuru aliwatazama kutoka mlangoni, ambapo hakupaswa kupita. Issa alimwinamia kichwa kwa mbali, naye akamwitikia. Kisha wale wageni wakashika njia ya mtoni, na wanaume wa kitongoji wakaondoka nao, hakuna aliyewaambia, Nassoro amebeba matita mawili ya mpunga yaliyoshushwa kutoka dunguni, mwingine kasia lao, mwingine kamba.